Siku Moja ya Wawili Milimani kwa Gari-Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi na mke wangu tumevuka milima mingi tukiwa na gari-nyumba, na kila tukirudi watu hutuuliza yale yale. Nimeyakusanya hapa. Majibu yanahusu siku moja tu: mnaondoka bondeni asubuhi, mnavuka mlima, mnalala upande wa pili. Mtaona nimekaa sana kwenye mteremko na kwenye maelewano ya watu wawili ndani ya gari. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu safari nyingi huharibikia kwenye mambo hayo mawili.

Gari gani linatufaa sisi wawili tu?

Dogo kuliko mnavyofikiria. Watu wakisikia gari-nyumba huwaza lile kubwa kama basi, lenye sebule na bafu la kusimama. Kwenye barabara tambarare ni raha. Milimani, kila mita ya ziada mnailipia kwenye kona, kwenye maegesho na kwenye breki. Kwa wawili, gari la boksi lililogeuzwa kuwa nyumba, lenye urefu wa mita 6 hivi, lina kitanda, jiko la mafiga mawili, sinki na choo kidogo. Linatosha.

Tena kuna barabara ambazo gari refu haliruhusiwi kabisa. Barabara ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani, hairuhusu kwenye sehemu yake ya mlimani gari lenye urefu wa zaidi ya futi 21, yaani mita 6.4, wala lenye upana wa zaidi ya futi 8, ambazo ni kama mita 2.4. Kwenye upana huo wanahesabu na vioo vya pembeni. Wengi hufika getini na gari la mita 9 na kurudishwa.

Karavani, yaani nyumba inayovutwa na gari lingine, ni habari nyingine. Ina uzuri wake, kwa kuwa mnaiacha kambini na kutembea na gari dogo. Ila kama siku yenyewe ni ya kuvuka mlima na hamjazoea kuvuta, msianzie hapo.

Na leseni?

Angalieni uzito kabla ya kuangalia rangi ya viti. Katika nchi za Ulaya leseni ya kawaida ya daraja B kwa muda mrefu imekuwa na kikomo cha kilo 3,500, na kikomo hicho ni cha uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Gari lenyewe nalo likishajazwa maji, gesi, baiskeli mbili na mabegi huufikia uzito huo haraka sana. Lipelekeni kwenye mzani likiwa limepakiwa kila kitu na ninyi wenyewe mmekaa ndani.

Kwa siku moja twende kilomita ngapi?

Msihesabu kilomita, hesabuni saa. Ramani ya simu ikisema saa tatu, sisi tunaandika tano. Simu imepiga hesabu ya gari dogo lisilosimama popote, lisilopanda na gia ya pili nyuma ya lori, na lisilo na watu wawili wanaotaka kushuka kila wanapoona maporomoko. Kilomita 150 hadi 200 za milimani ni siku kamili. Ukipanga 400, jioni utakuwa unateremka gizani ukiwa umechoka, na kwa gari la namna hii mteremko wa gizani ndicho kitu ninachokiepuka kuliko vyote.

Ondokeni mapema. Kwenye milima mingi wakati wa joto, mawingu hujikusanya kuanzia adhuhuri na radi huanza alasiri. Milima ya Rocky, huko Amerika Kaskazini, inajulikana sana kwa hilo. Sisi lengo letu ni kuwa tumevuka kilele kabla ya saa sita mchana. Mkifanikiwa, chakula cha mchana mtakila upande wa pili mkiangalia mvua inavyowapiga waliochelewa.

Kabla ya kuwasha injini tukague nini?

Mmoja akague ndani, mwingine nje, kisha mbadilishane. Hatua ya kubadilishana ndiyo inayookoa, kwa sababu jicho lililozoea kitu halikioni. Siku moja mimi nilifunga kila kitu ndani na kutangaza tuko tayari. Mke wangu akaingia kuhakiki, akanionyesha dirisha la paa likiwa wazi kama kifuniko cha sufuria. Kwa mwendo wa barabarani upepo ungeling'oa.

Nje angalieni ngazi ya mlangoni kama imekunjwa, waya wa umeme kama umechomolewa, bomba la maji machafu kama limefungwa. Valvu ya mtungi wa gesi ifungwe, isipokuwa kama mfumo wenu una kifaa cha usalama kilichotengenezwa kwa ajili ya kutumia gesi gari likiwa mwendoni. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa ya baridi, maana tairi lililotembea hudanganya. Na someni umri wake: ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari-nyumba hukaa limeegeshwa miezi mingi. Kashata za tairi zinaweza kuonekana mpya kabisa huku mpira wenyewe umezeeka na kuanza kupasuka pembeni.

Ndani, jambo kubwa ni vitu vizito kukaa chini. Sufuria la chuma likiwa kwenye kabati la juu, kona ya kwanza ni kofi na ya pili ni mlango kufunguka. Mayai tunayafunga kwenye taulo na kuyaweka ndani ya sinki. Tulijifunza baada ya kuyafuta kwenye zulia.

Kuhusu tanki la maji safi, lita moja ni kilo moja. Tanki la lita 120 likijaa ni kama mnapanda mlima na watu wazima wawili wa ziada. Kama mnakokwenda kuna maji, bebeni ya kutosha chai, kunawa na choo tu.

Mbona gari linakosa nguvu tukipanda?

Kwa sababu hewa ni nyembamba, na injini nayo inapumua. Injini isiyo na turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 mnazopanda. Mkifika mita 3,000, karibu theluthi imekwenda. Turbo hufidia sehemu kubwa, ndiyo maana tofauti huonekana zaidi kwenye magari ya zamani.

Msishindane na mlima. Rudisheni gia chini mapema, acheni injini izunguke kwa raha, kaeni leni ya taratibu. Kukanyaga mafuta mpaka sakafuni kwenye gia kubwa kunachemsha injini bila kuongeza mwendo. Jicho la mmoja wenu liwe kwenye geji ya joto. Sindano ikianza kupanda, zimeni kiyoyozi na washeni hita ya ndani kwa nguvu zote, madirisha wazi. Mtatokwa jasho, lakini hita inaondoa joto kwenye injini, ni kama redieta ndogo ya pili. Ikiendelea kupanda, egesheni na kuzima. Kifuniko cha redieta kisiguswe mpaka injini ipoe kabisa, kwani maji yaliyo chini ya mgandamizo huruka na kuunguza uso.

Tumeburuza foleni nyuma yetu. Tufanyeje?

Ingieni pembeni wapite. Majimbo kadhaa ya magharibi mwa Marekani, California ikiwemo, yana sheria inayomtaka dereva wa mwendo mdogo kwenye barabara ya leni mbili kupisha pale penye nafasi salama, magari nyuma yake yakifika matano. Sisi hatungoji matano. Dakika moja ya kupisha inamwondolea dereva wa nyuma hamu ya kukupita kwenye kona, na kichwa chako kinatulia.

Mteremko mrefu tuushuke vipi?

Hapa naomba msome polepole.

Kibao kikisema 6%, maana yake kila mita 100 mnazokwenda mbele mnashuka mita 6. Kilomita 10 za namna hiyo ni mita 600 za kushuka. Gari la tani 5 likishuka mita 600 linaachia nishati ya karibu megajuli 29, na nishati hiyo lazima iende mahali. Mkitegemea pedeli peke yake, yote inageuka joto kwenye diski na pedi za breki. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji ya baridi. Fikirieni jiko hilo lote limefungiwa ndani ya magurudumu manne.

Kwa hiyo gari lizuiwe na injini, na breki zisaidie tu. Chagueni gia pale juu, kabla mteremko haujaanza, gari likiwa bado linatii. Madereva wa zamani wa malori walisema shuka na gia uliyopandia. Kwa magari ya sasa, ambayo yametengenezwa yateleze kwa wepesi, mara nyingi inabidi gia iwe chini zaidi ya hiyo. Gari la otomatiki nalo lina namna ya kushikilia gia: tafuteni L, 2, M au kitufe cha kuvutia mzigo, na mjifunze mkiwa bado tambarare. Injini itanguruma. Iacheni ingurume, mradi sindano ya mizunguko haijaingia eneo jekundu. Wageni wengi husikia ule mngurumo, wakaona wanaumiza gari, wakapandisha gia. Hapo ndipo shida huanza.

Kisha amueni mwendo salama, tuseme kilomita 60 kwa saa. Gari likifika 60, kanyaga breki kwa uthabiti kwa sekunde chache mpaka 50 na kidogo, halafu achia kabisa. Likipanda tena mpaka 60, rudia. Zile sekunde za kuachia ndizo zinazopoza diski. Kugusa breki kidogo kidogo mfululizo mguu usiondoke juu yake ndiko kunakozichoma.

Na kamwe msishuke na fri, yaani gia ikiwa imetolewa, ili kuokoa mafuta. Gari la kisasa likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, injini kwa kawaida hukata mafuta yenyewe. Fri haiwapi chochote, inawanyang'anya breki ya injini.

Tutajuaje breki zinachemka?

Pua hujua kabla ya mguu. Safari yetu ya pili milimani nilikuwa nashuka nikiwa nimetulia kabisa, naongea, mguu umepumzika juu ya pedeli. Mke wangu akanyamaza ghafla katikati ya maneno yangu. “Baba, unasikia harufu?” Nikasema labda ni lori la mbele. Hapakuwa na lori mbele. Harufu ilikuwa kali, inayokwaruza koo, kama zulia linaloungua. Nilipokanyaga, pedeli ikashuka chini zaidi ya kawaida, laini, kama kukanyaga sponji. Nikarudisha gia, nikaingia kwenye egesho la kwanza lililotokea upande wa mlima. Tuliposhuka, moshi mwembamba ulikuwa unatoka gurudumu la mbele kulia, na nilipoelekeza kiganja kuelekea rimu, hata kabla ya kukaribia, joto lilinirudisha.

Tulikaa pale dakika arobaini. Kabari chini ya matairi, gari kwenye gia, handibreki sikuivuta kwa nguvu kwa kuwa breki za nyuma nazo zilikuwa moto. Hatukumwaga maji, maana chuma chenye joto kali kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupinda au kupasuka.

Ule ulaini wa pedeli una sababu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Ya daraja liitwalo DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hubonyea, hivyo nguvu ya mguu inaishia kwenye mapovu badala ya kwenda kwenye diski. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kama gari ni la kukodi, ulizeni yalibadilishwa lini. Ni swali la haki kabisa, na msione aibu.

Na breki zikigoma kabisa?

Rudisha gia moja moja, pampu pedeli haraka haraka, tumia handibreki kwa vipimo, washa taa za hazadi na piga honi mfululizo. Kwenye miteremko mikubwa kuna njia za dharura, kipande cha barabara kinachochepuka na kupanda, kimejazwa kokoto nene. Zinaitwa za malori, ila ni za kila gari lililokosa breki. Ingia moja kwa moja, usukani umenyooka. Gari litazama kwenye kokoto na kusimama. Kulivuta litoke ni gharama, na mtakuwa hai kuilipa.

Msaidizi azihesabu njia hizo mapema kwenye ramani au kwenye vibao vya juu.

Kona kali tuzipige vipi?

Mambo mawili huwashangaza wageni. Gurudumu la nyuma hukata kona kwa ndani kuliko la mbele, kwa hiyo chelewa kugeuza usukani, nenda mbele kidogo zaidi ya inavyoonekana sahihi. Halafu mkia, ile sehemu iliyozidi nyuma ya ekseli, hujitupa upande wa nje unapokata. Kwenye kituo cha mafuta mkia unagonga nguzo. Mlimani unagonga ukuta wa mwamba au kuingia leni ya anayekuja.

Upande wa Trafoi wa njia ya Stelvio huko Italia una kona 48 za kujikunja, na njia yenyewe inafika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kona kama hizo angalia juu kabla ya kuingia: kwa kuwa barabara inajikunja, mara nyingi unamwona anayeshuka akiwa bado ghorofa moja juu yako. Kama ni basi, msubiri kwenye sehemu iliyonyooka. Njia ikiwa nyembamba kiasi cha mmoja kulazimika kurudi nyuma, katika nchi nyingi anayepanda ndiye mwenye haki ya kupita na anayeshuka humpisha. Busara hata hivyo humwangalia aliye karibu na upenyo.

Nani aendeshe, nani awe utingo?

Wote wawili mjue kuendesha gari hilo, hata kama mmoja ndiye mwenye mkono mzuri zaidi. Anayeumwa tumbo mlimani anaweza kuwa yule anayeendesha siku zote. Sisi tunabadilishana kila baada ya saa mbili, na zamu tunaikata kwenye tambarare, kamwe si katikati ya mteremko.

Yule asiyeendesha ana kazi, si abiria. Yeye ndiye anayesoma vibao vya mwinuko, anayeangalia geji, anayejua egesho linalofuata liko umbali gani, anayeshika simu. Dereva asiguse simu hata ya ramani. Pakueni ramani mapema zifanye kazi bila intaneti, maana mtandao hupotea bondeni kwenye mikunjo ile ile ambako njia panda zipo.

Tulichojifunza kwa machungu ni lugha. “Angalia!” haimwambii dereva chochote. Aangalie nini, wapi? Anashtuka na kukanyaga breki. Sasa tunasema kitu, upande na umbali: “Baiskeli, kulia, mita mia.” Na neno “simama” tumelihifadhi. Halitumiki kwenye mazungumzo mengine wakati gari linatembea, likitamkwa dereva anasimama kwanza, maelezo baadaye. Kwenye kona hatuongei mambo ya nyumbani. Madeni, ndugu, kazi, vyote vinangoja egesho.

Kuna jambo moja la upole ambalo nalithamini kuliko ushauri wote wa kiufundi. Dereva akikosea njia, utingo anasema, “Tutageukia mbele,” kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Mtu aliyelaumiwa dakika moja iliyopita huendesha vibaya dakika tano zijazo.

Tunagombana kila tukirudi rivasi. Kuna dawa?

Ipo. Utingo ashuke, asimame nyuma upande wa dereva, mahali dereva anapoona uso wake kwenye kioo. Dereva asipouona uso huo, anasimamisha gari, hata kama anadhani kuna nafasi. Ishara ziwe tatu tu na mkubaliane kabla: njoo, geuza mkia huku, simama. Msipige kelele kushindana na injini. Kama ni mbali, pigianeni simu na kuiweka kwenye spika. Kabla ya kuanza, dereva naye ashuke apaone mahali penyewe kwa macho yake, pamoja na matawi ya juu.

Madaraja na mahandaki?

Pimeni urefu wa kwenda juu wenyewe, kwa futi kamba, mpaka ncha ya kiyoyozi cha paa au sahani ya setilaiti. Andikeni kwenye karatasi mbandike mbele ya dereva, kwa mita na kwa futi. Kwenye presha hakuna anayekumbuka. Baadhi ya mahandaki yana masharti kuhusu mitungi ya gesi, kwa hiyo someni vibao vya mlangoni na njia mbadala muwe nayo mkononi.

Mwenzangu anaogopa sana ukingo wa korongo.

Msimcheke, na msimwambie asiangalie. Mbadilisheni upande. Katika nchi zinazoendesha kulia, mkiuzunguka mlima kufuata mwendo wa saa, mlima unabaki kuliani kwenu na leni yenu inakuwa ya ndani, mbali na ukingo. Kwa zinazoendesha kushoto ni kinyume chake. Kwenye barabara ya Million Dollar kule Colorado, Marekani, kati ya Silverton na Ouray, anayekwenda kaskazini anaukumbatia mwamba na anayekwenda kusini ndiye anayetembea ukingoni, tena sehemu nyingi hazina kingo za chuma. Barabara moja, siku mbili tofauti kabisa, na kilichobadilika ni kupanga safari ianzie upande gani.

Mpeni pia kazi ya kuendesha ikiwa ana uwezo. Watu wengi wenye hofu ya kimo hutulia usukani ukiwa mikononi mwao.

Kichwa kinauma tukifika juu. Ni kawaida?

Kuanzia mita 2,500 hivi, ndiyo, hutokea, na ujana au mazoezi hayamkingi mtu. Kichwa, kichefuchefu, uchovu usio na sababu. Punguzeni shughuli, kunyweni maji, acheni pombe, na mkiweza laleni chini zaidi ya mlipopita mchana. Lakini mtu akianza kupepesuka, kuongea mambo yasiyoeleweka au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, hiyo ni dharura. Shukeni saa hiyo hiyo na mtafute hospitali. Bahati yenu ni kwamba mna magurudumu. Kushuka mita 1,000 ni suala la nusu saa.

Kupika huko juu kuna tofauti gani?

Maji huchemka mapema, yakiwa bado hayana joto la kutosha. Kwa kila mita 300 kiwango cha kuchemka hupungua kama nyuzi 1, hivyo kwenye mita 3,000 yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi. Chochote cha kuchemshwa kwa muda mrefu kitawachosha kukingoja. Pikeni bondeni asubuhi, juu mpashe tu.

Gesi yenyewe ina mambo. Mtungi wa butane huacha kutoa mvuke joto likikaribia nyuzi 0, ilhali propane huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Usiku wa milimani, hata wakati wa joto, unaweza kukaribia sifuri, kwa kuwa joto hupungua takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Bebeni propane. Friji za gesi nazo huzimika zimika kwenye hewa nyembamba, na watengenezaji wengine hushauri kuziwasha kwa umeme mkishapita mita 1,700 hivi. Zile za aina hiyo hutaka pia gari liwe sawasawa, zikiinama hazipozi.

Msiwashe jiko kupata joto la kulalia. Hewa ya sumu ya kaboni haina harufu wala rangi, na gari-nyumba ni chumba kidogo sana. King'ora chake kiwepo na kijaribiwe kabla ya safari.

Na mfungue chupa za shampuu mkiwa mmezielekeza mbali. Pakiti zote zilizofungwa bondeni huvimba.

Radi ikitukuta?

Kaeni ndani, madirisha juu, msiguse bodi. Gari lenye ganda la chuma huupitisha umeme nje na kuuteremsha ardhini. Kuta za fibaglasi hazina kinga hiyo kwa kiwango kile kile, kwa hiyo kwa gari la namna hiyo kaeni viti vya mbele kama kichwa cha gari ni cha chuma.

Tulale wapi, na tuegeshe vipi?

Chini ya kilele, mahali panaporuhusiwa, mbali na kuta za mwamba zinazomomonyoka na mbali na kingo za kijito, ambacho mvua iliyonyesha juu mchana inaweza kukifurisha usiku. Fikeni mwanga ukiwa bado upo. Egesho la jioni linahitaji macho manne na subira, vitu ambavyo giza huchukua vyote.

Weka vipande vya mbao chini ya matairi ya upande ulioinama mpaka maji kwenye bilauri yawe sawa na ukingo wake; hiyo ndiyo pimamaji yetu. Vichwa vilale upande ulioinuka kama usawa haukupatikana. Pua ya gari ielekee njia ya kutokea, kabari zikae upande wa bonde, ufunguo uwekwe mahali pamoja ambapo wote wawili mnaweza kuupapasa gizani.

Sisi, baada ya hapo, mmoja huchemsha chai huku mwingine akizunguka gari na tochi, kiganja kikipita karibu na kila gurudumu. La kushoto na la kulia kwenye ekseli moja yakiwa na joto linalolingana, breki zimefanya kazi sawa. Moja likiwa moto zaidi ya mwenzake, huenda breki yake imeshika, na tunajua ni fundi gani wa kumtafuta asubuhi kabla ya mlima wa pili.